Tumbaku ina daraja, maziwa yetu yana lita tu

MWAMBIE mkulima wa tumbaku wa Urambo au Kaliua kwamba kuanzia msimu ujao jani lote litanunuliwa kwa bei moja, la juu na la chini, lililokaushwa vizuri na lililoungua. Atakuona huna akili timamu. Mkulima huyo analijua daraja la kila robota lake, na akishushiwa daraja kwa uonevu soko zima litasikia.

Lakini mtu huyo huyo asubuhi hukamua ng'ombe wake, akajaza dumu, akalifunga nyuma ya baiskeli na kwenda kuuza kwa lita. Hakuna anayemuuliza ndani ya lita hiyo kuna nini. Naye haulizi.

Suala hili lilinigusa nilipokwenda kumsalimia shangazi yangu anayefuga pale Isevya, Tabora mjini. Ana ng'ombe wawili chotara, mmoja mwenye damu ya Friesian na mwingine ya Jersey. Alikuwa na mpango wa kumuuza huyu wa Jersey ili apate ada ya shule.

"Shangazi, usimuuze kwanza, tumpime," nikamwambia.

"Mwanangu, huyu ananipa nane na mwenzake kumi. Hesabu gani tena unataka?"

Tulichukua sampuli za ng'ombe wote wawili, nikaomba msaada kwa rafiki mwenye vifaa. Maziwa ya Friesian yalikuwa na mafuta asilimia 3.4, ya Jersey asilimia 5. Hapo ndipo hesabu inapobadilika.

Tangu miaka ya 1920 wataalamu wa Marekani walikuwa na kanuni ya kulinganisha maziwa mazito na mepesi kwa kuyageuza yote kuwa kama ya mafuta asilimia 4. Mfugaji anaweza kuifanya kwa kalamu na karatasi: chukua kilo za maziwa uzidishe kwa 0.4, kisha chukua kilo za mafuta yaliyomo uzidishe kwa 15, ujumlishe. (Lita moja ya maziwa ina uzito wa kilo 1.03 hivi, kwa hiyo hapa nahesabu lita na kilo kuwa kitu kimoja.) Friesian wa shangazi ana kilo 10, na mafuta ndani yake ni kilo 0.34. Hiyo ni 4 kujumlisha 5.1, yaani 9.1. Jersey ana kilo 8, mafuta kilo 0.40. Hiyo ni 3.2 kujumlisha 6, yaani 9.2.

Kanuni mpya zaidi, inayotumika sasa katika tafiti nyingi, inaingiza na protini. Kipimo chake cha kusawazishia ni maziwa yenye mafuta asilimia 4 na protini asilimia 3.3. Kupima protini kunahitaji mashine ya gharama, lakini kwa kawaida maziwa yenye mafuta mengi huwa na protini nyingi pia, hivyo kwa kuanzia mafuta yanatosha.

Kwa hiyo ng'ombe wa "nane" hakuwa nyuma ya ng'ombe wa "kumi". Tena ni mdogo wa umbo, hivyo majani na pumba anazohitaji ili kuutunza mwili wake ni chache zaidi.

Sasa nikiri jambo moja. Kwa soko lilivyo, shangazi ndiye aliyekuwa sahihi, si mimi mwenye digrii. Tuseme lita ni shilingi 1,000. Friesian anamletea shilingi 10,000 kwa siku na Jersey 8,000. Mnunuzi halipii mafuta. Soko linamwambia mfugaji afuge ng'ombe wa maji, naye anatii.

Na kuna wanaotii zaidi ya hapo kwa kuongeza maji ya kisimani. Wanunuzi wengi wanategemea laktomita, kile kipimo cha kioo kinachoelea. Ni kifaa kizuri, lakini kinapima uzito wa maziwa tu, na mjanja anaujua udhaifu wake. Maji yakiongezwa, kipimo kinashuka. Mafuta yakienguliwa, kinapanda, maana mafuta ni mepesi kuliko maziwa yenyewe. Mtu akiengua krimu akauza pembeni, kisha akaongeza maji kiasi, laktomita inarudi pale pale kwenye 30 na dumu linapita. Mfugaji mwaminifu analipwa sawa na huyo.

Dawa ya ujanja huu si ngeni. Mwaka 1890 Stephen Babcock wa Wisconsin, Marekani, alitangaza njia rahisi ya kupima mafuta kwa tindikali na mashine ya kuzungusha kwa kasi. Muda mfupi baadaye Gerber wa Uswisi akaleta ya kwake, ambayo ndiyo imeenea zaidi huku kwetu. Viwanda vikaanza kulipa kwa mafuta, na maji yakakosa bei. Leo mfugaji wa New Zealand analipwa kwa kilo za mafuta na protini, si kwa lita.

Hata sisi wenyewe tumeshapimwa hivyo. Mwaka 2019 shirika la FAO lilitoa ripoti kuhusu kupunguza gesi chafu katika ufugaji wa ng'ombe wa maziwa Tanzania, na humo maziwa yamehesabiwa kwa kilo zilizosawazishwa kwa mafuta na protini. Kumbe ng'ombe akihesabiwa uchafuzi anapewa kipimo kamili. Akihesabiwa malipo, anapewa kopo la lita moja.

Wapo watakaosema kwamba mteja wa Tabora ananunua maziwa ya chai, mafuta yanamhusu nini? Ni kweli kwa kiasi fulani. Lakini maziwa ya chai hayasafiri mbali. Mwaka 1872 David Livingstone alikaa Kwihara, nje kidogo ya mji wetu, akisubiri wapagazi kutoka pwani, na katika shajara yake aliandika kwamba alijitengenezea jibini ya safari. Katika njia ndefu ya Bagamoyo hadi Ujiji ulibeba kile chenye thamani kilichomo ndani ya maziwa, maji ukayaacha. Hesabu hiyo haijabadilika kwa mfanyabiashara wa leo anayetaka kuuza samli au siagi Kigoma au Dar es Salaam. Mafuta ya Jersey wa shangazi kwa siku 30 ni kilo 12, ya Friesian ni kilo 10.2, kabla ya kutoa kinachopotea katika kusukasuka na kuchemsha.

Nisieleweke vibaya. Sisemi turudi kwa ng'ombe wa asili. Wa asili akitoa lita 2 zenye mafuta zaidi ya asilimia 5, ukisawazisha bado hafiki 3. Kipimo hiki hakifanyi miujiza, ila kinasaidia kuchagua kati ya chotara na chotara, jambo ambalo wafugaji wetu wengi wanalifanya sasa kwa kubahatisha.

Ninachopendekeza ni kidogo. Kituo kimoja cha kukusanyia maziwa, au chama kimoja cha ushirika, kianze. Laktomita kila siku, mafuta kila baada ya wiki mbili. Bei ya msingi iwekwe kwa maziwa yenye mafuta asilimia 3.5, na nyongeza ilipwe kwa kila pointi inayozidi. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka maziwa mabichi ya ng'ombe yasiwe chini ya asilimia 3.25, lakini hiyo ni sakafu tu. Wa 3.3 na wa 5 wote wanapita mlango mmoja. Bodi ya Maziwa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, pamoja na halmashauri zetu wanaweza kusaidia kununua vifaa vya kwanza na kumfundisha kijana mmoja wa kupima.

Sampuli nazo zina kanuni zake. Maziwa ya mwanzo ya kukamua ni mepesi na ya mwisho ndiyo mazito, kwa hiyo ukimwachia ndama yale ya mwisho, mafuta amekunywa yeye. Koroga ndoo nzima kabla ya kuchota. Chukua ya asubuhi na ya jioni, maana ya jioni mara nyingi huwa na mafuta zaidi. Na ukizidisha pumba ukapunguza majani, maziwa yataongezeka lakini mafuta yatashuka.

Shangazi hakumuuza Jersey. Ada aliikopa kwenye kikundi chao cha kuweka na kukopa, na sasa siku ambazo mnunuzi hafiki anatengeneza samli. Ameniambia nisimletee tena hesabu mpaka nimletee na mnunuzi.