SEHEMU YA 6: Mama, skrini ikibadilika usituone wavivu

Mama zangu wa Bugarama na vijiji vya jirani, leo naongelea foleni.

Kuna siku unafika kliniki saa mbili asubuhi, mtoto mgongoni, unamkuta nesi yuleyule mwenye mkono mwepesi, ila leo anaikodolea macho kompyuta kama ndiyo kwanza anaiona. Mnaambiwa msubiri, mfumo umebadilishwa. Kwenye benchi maneno yanaanza: "Hawa nao wanachati tu."

Hapana mama. Jikoni kwako mkono unaenda kwenye chumvi bila kuangalia, si ndiyo? Sasa wifi aje akupangie jiko upya. Hata kama kapanga vizuri kuliko wewe, siku hiyo chakula kitachelewa. Na kompyuta ni hivyohivyo. Kazi inafanywa na mkono uliozoea, kitufe kikihama mkono unapotea.

Hili halijatukuta sisi tu. Mwaka 2007 Microsoft walibadilisha sura ya Word na Excel. Menyu ambazo makarani walizizoea miaka na miaka zikaondoka, vikaja vitufe vimejipanga pale juu. Watu walilalamika sana, baadaye wakazoea, na mpangilio ule upo mpaka leo. Lakini mwaka 2012 kampuni hiyohiyo ikatoa Windows 8 bila kitufe cha Start pale chini kushoto. Hapo malalamiko hayakuisha, na 2013 kitufe kikarudishwa kwenye Windows 8.1.

Ndiyo maana nasema malalamiko yako ya aina mbili. Kuna la mkono kutozoea, hilo dawa yake ni mafunzo na siku chache za uvumilivu. Na kuna la kitu cha maana kuondolewa mahali pake. Hilo huwezi kulijibu kwa "mtazoea tu."

Mfano: mtoto wa kilo 8 na wa kilo 18 hawapewi kipimo kimoja cha dawa. Kama zamani uzito ulionekana palepale unapoandika dawa, na sasa mpaka ufungue ukurasa mwingine, hiyo ni hatari, siyo mazoea. Nesi aliandike na alipeleke juu, na wakubwa wasimuone mkorofi. Tena mfumo mpya usiwashwe siku ya kliniki yenye watoto wengi. Tufundishwe kwanza, na madaftari ya MTUHA yabaki wazi mpaka mikono ielewe.

Na wewe mama una sehemu yako:

1. Njoo na kadi ya kliniki kila mara, hasa nyie mnaohama kufuata rashi, leo Kakola kesho Geita. Kompyuta ikigoma, kadi ndiyo inasema mtoto kachanjwa nini.

2. Jina la mtoto liandikwe vilevile siku zote. Majina yetu ya Kisukuma yanateseka: leo Ng'wasi, kesho Ngwasi, keshokutwa Mwasi. Kwako ni mtoto mmoja, kwa kompyuta ni watoto watatu, na kila mmoja ana chanjo nusunusu.

3. Kabla hujaondoka na dawa, uliza: "Nesi, umeandika kilo ngapi?" Huo siyo ukorofi. Siku za mfumo mpya macho mawili hayatoshi, ongeza ya kwako.

Na sisi manesi tujifunze kusema. Kumwambia mama "skrini imebadilika, nipe dakika tano" hakukupunguzii heshima. Kinachowaudhi watu ni kukaa kwenye benchi bila kuambiwa kitu.

Kwa hiyo ukimkuta nesi anatafuta kitufe, mvumilie. Ila ukiona dakika zile zinageuka wiki na wiki, uliza wazi, na sisi tuulize pamoja na wewe: tunatakiwa kuzoea nini hasa, na mtoto anafaidika nini?

Sehemu ya 7 nitaongelea homa ya mtoto usiku. Mwambie na jirani.