Kikundi chenu hakihitaji boksi la biti 19

Wiki hii siandiki habari za viwavijeshi wala mbolea. Naandika habari za biti za drili, vile vichuma vya kutobolea, na najua kuna atakayeuliza afisa ugani anaingiaje kwenye mambo ya mafundi. Plau, ripa, mkokoteni, mashine ya kupukuchulia mahindi, vyote vimeshikwa na bolti. Bolti ikikatika au tundu likitanuka katikati ya msimu, anayepata hasara ni mwenye shamba. Fundi yeye anapata kazi.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usiendelee kunisoma huku unasubiri: kikundi cha wakulima kisinunue boksi la biti. Kinunue biti tano tu, za saizi zinazolingana na bolti za zana zake, na ziwe nzuri. Najua wenzangu wengi hawakubaliani nami, maana boksi linaonekana ni mali nyingi kwa hela kidogo. Mimi mwenyewe nililinunua, tena kwa hela ya watu.

Ilikuwa hivi. Huku kwetu Dodoma mvua ni ya msimu mmoja, na mvua ya kupandia ikishanyesha una siku chache tu kabla udongo wa kichanga haujakauka. Kikundi kimoja kina ripa ya kukokotwa na maksai, ile ya kuchana mistari bila kugeuza shamba zima. Tundu la bolti inayoshika ulimi wa ripa lilikuwa limetanuka hadi ulimi unacheza kama jino bovu. Tulikubaliana kutengeneza kipande kipya cha kushikia. Nilikuwa naenda mjini kwenye kikao, mama mweka hazina akanipa hela, nikarudi na boksi la biti 19 za rangi ya dhahabu, kuanzia milimita 1 hadi 10, kila moja ikizidi mwenzake kwa nusu milimita. Zilimetameta kweli. Watu wakapiga makofi.

Mvua ikanyesha Alhamisi. Ijumaa asubuhi tukaanza kutoboa. Bolti ya ripa ni ya milimita 12, kwa hiyo tundu linatakiwa liwe la 13, na ndani ya biti zote 19 hakuna hata moja ya 13. Tukasema tutoboe kwa ile ya 10 halafu tupanue kwa tupa. Biti ya 10 ikazunguka, ikapiga mlio, ikatoa moshi, ncha ikawa ya buluu kisha ikayeyuka kama mshumaa. Kwenye chuma chetu palibaki duara linalong'aa. Tukachukua ya 9.5, nayo ikaenda vivyo hivyo. Hadi saa sita tulikuwa tumeua biti sita. Kazi ikapelekwa kwa fundi mjini, ikarudi Jumapili jioni, na Jumatatu udongo ulikuwa umeshakauka. Wenye majembe ya mkono walikuwa wamemaliza kupanda.

Nilitaka kumlaumu muuzaji peke yake, lakini fundi aliponiona nalalamika alinicheka. Akaniambia, "Afisa, hata hiki chuma chenyewe ulichokitoboa unakijua?" Kilikuwa kipande cha springi ya lori. Springi imekaushwa kwa moto makusudi iwe ngumu, na biti ya kawaida, hata iwe nzuri namna gani, itahangaika nayo. Yeye alikiweka kwanza kwenye moto wa mkaa hadi kikawa chekundu, akakifukia kwenye majivu makavu usiku mzima kipoe polepole, asubuhi kikatobolewa kama chuma kingine chochote. Kama unatengeneza kisu cha mashine ya kukatia majani ya ng'ombe kwa springi, fanya hivyohivyo: lainisha, toboa, ndipo ukaushe tena ugumu. Kwa hiyo makosa yalikuwa mawili, na moja lilikuwa langu kabisa. Siku hizi kabla sijatoboa napitisha tupa kwenye chuma. Tupa ikishika na kutoa unga, biti nayo itakata. Tupa ikiteleza kama juu ya kioo, weka drili chini.

Sasa tuje kwenye biti zenyewe.

Kabla ya kwenda dukani, kaa na zana zenu zote na rula au kalipa, pima bolti. Zana nyingi nilizozipima mimi zina bolti za milimita 8, 10 na 12. Tundu la kupitishia bolti lizidi bolti kwa milimita moja hivi, kwa hiyo unahitaji biti ya 9, ya 11 na ya 13. Ongeza biti mbili za milimita 4 za kuanzia, mbili kwa sababu nyembamba ndizo zinazovunjika. Hizo ndizo tano nilizosema. Angalia pia mdomo wa drili yenu. Drili nyingi ndogo zinameza mwisho milimita 10, nyingine 13. Kama yenu ni ya 10, ziko biti za 11 na 13 zenye mkia uliopunguzwa unene ili uingie. Ziulizie hivyohivyo.

Dukani, tafuta herufi HSS zimegongwa au kuchorwa kwenye mkia wa biti pamoja na saizi yake. Herufi hizo ni jina la chuma cha pua ambacho hakipotezi ugumu haraka kikipata joto. Biti ya chuma cha kaboni cha kawaida huanza kulainika joto likipita nyuzi 200 na kitu, ile ya HSS inavumilia hadi karibu nyuzi 600. Mwaka 1900 Wamarekani Frederick Taylor na Maunsel White walionyesha zana za chuma cha namna hii kwenye maonyesho ya Paris, zikikata chuma huku ncha zake zimekuwa nyekundu kwa joto, na wenye viwanda walishangaa. Kumbe tangu wakati huo jibu la moshi wetu wa Ijumaa lilikuwepo.

Lakini herufi peke yake hazitoshi, maana kuandika hakumgharimu mtu. Chukua biti uitazame kwa mbele. Makali mawili ya nchani yawe sawa kwa urefu na kwa mlalo. Moja likiwa refu kuliko jingine, tundu litakuwa kubwa kuliko biti na kazi yote itafanywa na upande mmoja. Ivingirishe juu ya kioo cha kaunta, kama imepinda utaiona inarukaruka. Pitisha kona ya tupa kwenye ukingo wa mfereji karibu na ncha, pasipo kugusa makali yenyewe. Tupa ikichimba kirahisi, hiyo biti ni laini, irudishe. Usijaribie kwenye mkia, kwa sababu hata biti nzuri mara nyingi mkia wake huachwa laini. Muuzaji anaweza kukuangalia vibaya. Anayejiamini na bidhaa yake atakupa hata kipande cha nondo ujaribu hapohapo, na huyo ndiye wa kurudi kwake.

Kuhusu rangi. Ile ya dhahabu, ikiwa ya kweli, ni utando mwembamba wa titani unaopunguza msuguano, na unasaidia. Ila rangi hiyohiyo inaweza kupakwa juu ya chuma chochote, na macho yako hayatajua tofauti. Mimi biti nyeusi ya kawaida yenye HSS kutoka kwa muuzaji ninayemjua naiamini kuliko ya dhahabu kutoka kwenye meza ya mnada. Ziko pia biti zenye kobalti, nyingi huandikwa HSS-Co. Kobalti imo ndani ya chuma chenyewe, hivyo hata ukiinoa haipotei, na ndizo zinazofaa kwa chuma kisichoshika kutu, kama vyombo vya maziwa na mitambo ya kukamulia alizeti. Ubaya wake ni mbili: bei, na kukatika. Ukitoboa kwa drili ya kushika mkononi na mkono ukayumba, biti nyembamba ya kobalti inakatika papo hapo. Kwa kazi za plau na mkokoteni sioni sababu ya kuilipia.

Biti za ukuta usiziguse kwa kazi hii. Utazijua kwa kichwa kilichopachikwa nchani, kipana kuliko mwili. Kazi yake ni kuponda zege, chuma haikikati.

Biti nzuri nayo inauawa na mkono mbaya, na hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunabonyeza drili hadi mwisho wa kasi tukidhani ndiyo nguvu. Kwenye chuma, biti ikiwa nene mwendo upungue. Kwa chuma laini, biti ya milimita 4 inaweza kwenda mizunguko kama 2,000 kwa dakika, ile ya 13 isizidi 600 hivi, na kwa chuma kigumu punguza hata nusu ya hapo. Weka alama kwa panchi na nyundo ili biti isitembee, anza na ya 4, fuata na ya 9, ndipo umalize na ya 13. Dondoshea oili kila mara. Oili safi ya injini si mafuta ya kukatia lakini ni afadhali kuliko ukavu. Kwenye alumini tumia mafuta ya taa, na chuma cha kusubu, kama bodi za mashine nyingi za kusaga, toboa kikavu. Tazama kinachotoka: misokoto miwili mirefu, mmoja kila upande, maana yake makali yote yanafanya kazi. Ukiona unga na mlio, acha. Ukiendelea kusugua unachoma biti, na kwenye chuma kisichoshika kutu unazidi kukifanya kigumu.

Kama kijijini hakuna umeme, ile kekee ya kuzungusha kwa mkono usiidharau. Ni ya polepole, na kwa sababu hiyo haiunguzi biti. Inachosha tu.

Biti ikipoteza makali inanolewa kwenye mashine ya jiwe, hiyo ni faida nyingine ya kununua nzuri. Ichovye kwenye maji kila baada ya mguso mfupi, kabla haijapata moto sana. Ukiiacha ikawa nyekundu halafu ukaitosa kwenye maji, itapata nyufa usizoziona.

Funga kazi kwenye jiliwa au ikandamize kwa klempu. Bati lililoshikwa kwa mkono, biti ikilinasa linazunguka kama panga, na nimeona kidole kilichofunuliwa hadi mfupa. Usivae glovu wakati wa kutoboa, maana zinanaswa zikavuta mkono. Vaa miwani. Chembe ya chuma ikiingia jichoni usisugue, funika kwa kitambaa safi uende zahanati.

Kikundi kile sasa kina biti zake tano, zimepakwa oili na kufungwa kwa kitambaa ndani ya kopo la maziwa, na anayeazima anaandikwa kwenye daftari la mama mweka hazina. Zile za dhahabu zilizobaki tunatobolea mabomba ya plastiki ya umwagiliaji wa matone, na huko hazijambo.