Panya wamepungua, paka amezaa: watoto wake waende wapi?

LUTINDI, kwenye milima ya Usambara upande wa Korogwe, paka wengi hawaletwi nyumbani kwa kupendwa. Huletwa kwa sababu ya mahindi. Mavuno yakishapandishwa darini, panya nao hupanda, na usiku hapalaliki kwa mbio zao juu ya vichwa vya watu. Hapo ndipo familia huomba paka kwa jirani.

Miezi michache baadaye panya wamepungua, lakini paka amezaa. Ndani ya kapu la nguo, chini ya kitanda, kuna vitoto vinne ambavyo bado havijafumbua macho. Nyumba iliyokuwa na neno moja kuhusu paka sasa ina maneno manne.

Baba anataka vyote viondoke, abaki mama yao tu. Mama anahesabu dagaa waliopotea kwenye sufuria na vifaranga waliopungua bandani. Bibi anamtazama yule mweusi kwa mashaka, maana paka mweusi akilia usiku wapo wanaosema ametumwa. Mtoto wa darasa la tatu ameshavipa majina vyote.

Katika nyumba nyingi mgogoro huu humalizwa kimyakimya. Watoto wakiwa shuleni, vitoto vya paka hutiwa kwenye kiroba na kwenda kuachwa mbali, kando ya barabara au karibu na mto. Jioni mtoto huambiwa kwamba vimetoroka. Lakini mama yao bado yupo, anapita chumba hadi chumba akilia, na mtoto anamsikia. Anajua kwamba kitoto kisichoweza kutembea hakitoroki. Siku hiyo anajifunza mambo mawili: kwamba kiumbe dhaifu kikizidi hutupwa, na kwamba wakubwa hudanganya.

Sheria nayo ina neno. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza ukatili dhidi ya wanyama. Kwa familia za Kiislamu, paka si najisi, na wengi wamefundishwa tangu madrasa habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwachia ajitafutie. Wahenga nao walisema paka wa nyumba haingwa.

Hata hivyo, hofu za wazazi si za kupuuzwa. Watu wa milima hii wanaijua tauni. Katika wilaya jirani ya Lushoto ugonjwa huo uliibuka mwaka 1980 na ukawa unarudi kwa zaidi ya miaka 20. Maelfu waliugua, mamia walikufa. Tauni huenezwa na viroboto wa panya, kwa hiyo mtu anaweza kudhani paka ni kinga kamili. Sivyo. Paka hupunguza panya, lakini anaweza kuingiza viroboto ndani, na akila panya mwenye tauni anaweza kuugua na kumwambukiza mtu. Panya wakionekana wanakufa ovyo, au paka akiwa na homa na uvimbe shingoni, asiguswe kwa mikono mitupu, na taarifa ipelekwe zahanati mapema.

Kuna pia kichaa cha mbwa. Kwa kawaida binadamu hukipata kwa mbwa, lakini paka naye huugua na kuambukiza. Chanjo huanza kutolewa paka akifikisha miezi 3, na afisa mifugo wa kata ndiye wa kuulizwa. Mtoto aking'atwa au kukwaruzwa na paka asiyejulikana, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Asingojee kuona kama paka atakufa.

Mama mjamzito huambiwa mara nyingi kwamba lazima paka aondoke. Kinachoogopwa ni kimelea kiitwacho toksoplasma, ambacho kinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Kimelea hicho hutoka kwenye kinyesi cha paka, na huchukua siku 1 hadi 5 kabla hakijaweza kuambukiza. Kwa hiyo kinyesi kikizolewa kila siku, na mtu mwingine asiye mjamzito, hatari hupungua sana. Mama naye avae glavu akilima bustani ya mboga, aoshe mchicha vizuri na asile nyama isiyoiva, maana huko nako kimelea hiki hupatikana.

Vitoto vya paka vina shida yao ndogo: huleta choa. Mtoto akitokwa na duara linalowasha mkononi au mapunye kichwani baada ya kucheza navyo, atibiwe, na paka naye aangaliwe. Mtoto mchanga asilale na paka kitanda kimoja. Mikono ioshwe kabla ya kula. Hayo yanatosha nyumba nyingi kuishi na paka bila balaa.

Kuhusu hofu ya bibi, abishiwe kwa adabu. Paka wanaolia usiku kama mtoto mchanga mara nyingi wanatafuta mwenza au wanagombana, wawe weusi au weupe. Rangi ni manyoya tu. Paka mweusi hukamata panya kama wengine.

Sasa vile vinne viende wapi? Kwanza, visiondolewe kabla ya wiki 8. Kabla ya hapo bado vinanyonya na kujifunza kwa mama yao, hata namna ya kukamata panya. Wiki hizo zitumike kutafuta wenyeji. Katika kijiji chenye mahindi darini, paka ana soko. Mtoto atumwe kwa majirani, shangazi na wajomba kuuliza nani anasumbuliwa na panya. Atajifunza kwamba kumpenda kiumbe ni pamoja na kumtafutia pa kuishi, hata kama si kwake.

Pili, mama yao asirudie mapema. Paka hubeba mimba kwa takribani siku 65, anaweza kushika nyingine akiwa bado ananyonyesha, na binti yake anaweza kuzaa kabla ya kutimiza mwaka. Nyumba isiyopanga itakuwa na kiroba kila msimu. Afisa mifugo aulizwe kuhusu kuhasi dume na kufunga uzazi wa jike. Pasipo huduma hiyo, nyumba inayoomba paka kwa ajili ya panya ni heri ichague dume.

Tatu, sumu ya panya na paka havikai nyumba moja. Paka akila panya mwenye sumu anaweza kufa naye, na sumu isiyo na nembo inayouzwa mitaani imekaribia mno midomo ya watoto. Anayefuga paka amlishe pia. Si kweli kwamba paka akishiba haendi mawindoni. Asiyelishwa ndiye anayehama, au anayefunua sufuria.

Na ikitokea vitoto haviwezi kukaa, mtoto aambiwe ukweli kabla havijaondoka: vinakwenda wapi, kwa nani, na kwa nini. Aruhusiwe kulia. Akitaka, avisindikize mwenyewe, abebe kapu, amkabidhi mwenyeji mpya na kumwambia jina la kila kimoja. Baba atakuwa amepata alichotaka, na hakuna atakayelazimika kudanganya.