Hiyo Stika Iache Hapo Hapo

Mwalimu wangu wa Kiswahili wa shule ya msingi, ambaye mpaka leo nikikutana naye stendi ya Misigiri shikamoo inanitoka kabla sijafikiri, alipita kwangu Jumapili moja akasimama mbele ya rafu yangu ya sinema. Akachomoa kasha moja, akaligeuza, akalishika kwa ncha za vidole kama kitu kilichookotwa jalalani.

"Mwanangu, hivi vitu mbona vichafu hivi? Bandua hayo makaratasi, osha, vipendeze."

Namheshimu mwalimu, lakini hapa amekosea, na anakosea pamoja na wengi. Kila nikitaja mkusanyiko huu kuna mtu ananipa dawa ya kubandulia stika. Mmoja anasema petroli, mwingine mafuta ya taa, mwingine ile dawa ya kufutia rangi ya kucha. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza hizo stika zimeandikwa nini.

Basi niwaambie. Katoni mbili hizi nilizinunua kwa kaka mmoja aliyekuwa na laibrari ya kukodisha sidii hapa njia panda, pale barabara ya Kiomboi inapoachana na ile inayokwenda Nzega na Mwanza. Biashara ilimfia kama ilivyowafia wenzake wote: watu wanarushiwa sinema kwenye flashi, nani tena akodishe sidii arudishe kesho? Alikuwa tayari kuzichoma moto zote. Nikamlipa pesa kidogo, nikabeba. Kila kasha lina namba ya laibrari kwenye karatasi iliyokatwa kwa mkasi. Mengine yana bei ya duka la jumla, mengine onyo la mkono, "ikikwaruzwa unalipa", na kadhaa yana stempu ya kodi ya TRA.

Hiyo stempu ndiyo nianze nayo, kwa sababu ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Sheria ya kubandika stempu za kodi kwenye kazi za filamu na muziki ilikuja na kanuni za mwaka 2013. Kabla yake COSOTA walikuwa na hakigramu yao, lakini stempu ya TRA ina mwaka wa kuzaliwa unaojulikana, na hapo ndipo thamani yake ilipo. Kava za Bongo Movie, kama unazijua, mara nyingi hazisemi nakala ile imetengenezwa lini. Unaona picha ya Steven Kanumba ametabasamu, unaona namba za simu za msambazaji, basi.

Sasa chukua nakala yangu ya Uncle JJ. Kanumba alifariki tarehe 7 Aprili 2012. Kava haina mwaka, lakini kwenye kona ipo stempu ya TRA. Maana yake nakala hii ilikuwa inauzwa dukani wakati mwenyewe yuko kaburini Kinondoni. Iwe ilizalishwa upya au ni mzigo wa zamani uliobandikwa stempu ili uuzike, hilo sijui, ila mauzo baada ya kifo yameandikwa pale, na hayajaandikwa mahali pengine popote kwenye kasha. Mtu atakayetaka siku moja kuandika jinsi kazi za msanii yule zilivyoendelea kuuzwa, na nani alikuwa akizinunua huku Iramba, ataanzia kwenye kikaratasi hiki. Mwalimu anataka nikioshe na sabuni.

Tena kubandua stempu si kazi rahisi, imetengenezwa isibanduke. Karatasi yake hupasuka vipande ukiivuta, ili mjanja asiitoe kwenye sidii halali akaipachika kwenye ya kuchoma. Ukiikwangua kwa wembe unabaki na manyoya meupe na gundi, na kasha limechanika. Umepoteza ushahidi na usafi hujaupata.

Hizi namba za laibrari nazo. Namba 117 imeandikwa juu ya namba 64 iliyokatwa. Kwa nini? Kaka yule alinieleza: sinema zilizopendwa alizihamishia mbele, akazipa namba upya kila zilipopanda au kushuka. Daftari lake la wakodishaji lililiwa na mchwa. Kwa hiyo kumbukumbu iliyobaki ya nini watu wa Misigiri walipenda kutazama katika miaka ile ni kalamu ya bluu juu ya karatasi chafu. Sisi tunaojiita wapenzi wa fasihi tunalalamika kila mwaka kwamba hatuna takwimu za wasomaji wala watazamaji wa kazi za Kiswahili. Zikija zimebandikwa kwa gundi tunaziita uchafu.

Hapa mwalimu angenikatiza: sinema za Bongo si fasihi. Hiyo ni hoja nyingine, na nina wasiwasi ndiyo hoja yenyewe iliyojificha ndani ya suala la usafi. Maana kwenye vitabu hatufanyi hivi. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yametufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya na kuyaandika, na W. E. Taylor akayahifadhi pamoja na maelezo. Karatasi hizo ziko SOAS, London, na kutoka humo William Hichens akachapisha Diwani ya Muyaka mwaka 1940. Fikiria mtu mwenye bidii angepita na kitambaa akafuta kila kilichoandikwa pembezoni, ili kurasa zipendeze! Tungemfukuza. Lakini kasha la sinema iliyoigizwa Sinza, iliyotazamwa na watu arobaini kwenye kibanda umiza kimoja, hilo tunaliosha bila hata kulisoma.

Nakubali jambo moja. Gundi iliyobaki baada ya stika kudondoka yenyewe ni adha. Inanasa vumbi la barabarani, makasha yanagandana, na mende wanaipenda. Hiyo itoe. Huhitaji petroli, tuko Singida jamani, mafuta ya alizeti yamejaa kila nyumba. Paka kidogo, acha nusu saa yaingie, gundi italegea. Isukume kwa kadi ya zamani ya plastiki, usitumie wembe, halafu osha kwa maji ya sabuni na kausha. Hiyo ni kwa kasha la plastiki tu. Kava ya karatasi usiiguse na mafuta, haitasafishika tena milele.

Na kama stika iko juu ya sidii yenyewe, simama kwanza. Watu wengi wanaogopa kukwaruza upande unaong'aa, huku upande wa maandishi wanaufanyia wanavyotaka. Kwenye VCD, ambazo ndizo nyingi katika katoni zangu, tabaka lenye picha liko chini kidogo tu ya rangi ya maandishi. Vuta stika pale na utaona imeondoka na ngozi ya fedha, umebaki na plastiki unayoona kupitia. Hapo hakuna deki itakayokusaidia. DVD ni afadhali, kwa kuwa tabaka lake limebanwa katikati ya plastiki mbili, ingawa dawa ya rangi ya kucha inaweza kuila plastiki yenyewe. Petroli nayo inayayeyusha yale makasha magumu ya sidii yanayovunjika kama kioo. Yanageuka meupe na kunata.

Haya ya petroli siyatoi kichwani. Nilipozileta katoni nyumbani mimi pia nilikuwa upande wa mwalimu. Nilitaka rafu ipendeze. Nilinunua petroli ya chupa kwa kijana wa bodaboda, nikachagua kava moja ya karatasi ambayo stika yake ya bei ilikuwa imekaa vibaya, chini kabisa upande wa nyuma. Pale ndipo wanapoandika kwa herufi za sisimizi nani alitunga hadithi na nani aliandika mswada. (Wauza duka, na ninyi nina neno lenu: kava nzima ina sura kubwa za waigizaji na anga la bluu, lakini bei lazima muibandike juu ya mwandishi. Kila mara. Nimehesabu katoni moja, zaidi ya nusu ziko hivyo.) Nikajiambia, nikiitoa hii nitamfunua mwandishi, nitakuwa nimemtendea haki.

Stika ilitoka. Wino nao ukatoka. Mistari minne ya majina ikawa doa la zambarau, na petroli ikapenya hadi upande wa mbele ikala nusu ya jina la sinema. Nikaiweka sidii kwenye deki nikitumaini majina yataonekana mwanzoni: inacheza matangazo ya sinema nyingine, inafika pale hadithi inapoanza, inaganda. Nimeuliza Kiomboi, nimeuliza Singida mjini kwa watu waliokuwa na laibrari, nimetafuta mtandaoni. Hakuna anayeikumbuka. Stika ile ingebaki, jina lingekuwa limefunikwa lakini lipo. Mtu mwenye vifaa na subira kuliko mimi angeweza kuja kulifunua siku moja.

Nilimweleza mwalimu haya yote. Akanyamaza, akaligeuza tena lile kasha mkononi, akasoma "ikikwaruzwa unalipa" kwa sauti. Akacheka. "Huu mwandiko naujua. Nilimfundisha mimi huyu, na kunyoosha mstari alishindwa hadi darasa la saba." Akalirudisha kwenye rafu, akaniambia bado ni chafu.

Kama kuna msomaji ana katoni yake, naomba aitazame kabla ya kuiosha. Ninayoitafuta ni VCD ya kava ya karatasi. Mbele kuna mwanamke amevaa kitenge cha njano, ameshika tama, nyuma yake gari jeupe. Jina lina maneno mawili. La kwanza ni Machozi, la pili linaanza na herufi Y au V, sina hakika. Nyuma, chini, kulia, kuna majina manne. Kama nakala yako ina stika pale, usibandue. Ipige picha mwanga ukipenya kutoka upande wa pili uone kama herufi zinajitokeza, kisha niandikie.