Chopin Alienda Shule

Hebu tuachane na hii hadithi ya kipaji. Unaijua vizuri: mtoto anazaliwa na muziki kwenye damu, hafundishwi na mtu, siku moja anakaa kwenye piano na mji mzima unashika mdomo. Mfano unaopendwa kuliko yote ni Fryderyk Chopin. Eti alikuwa muujiza, na muujiza hauna mwalimu.

Ni uongo, na ni uongo unaotugharimu.

Ni kweli Chopin alikuwa mtoto wa ajabu. Alizaliwa 1810, na kufikia 1817 kipande chake cha kwanza kilikuwa kimechapishwa Warsaw. Miaka saba tu! Mtoto kama huyo shule ya muziki ingemwongezea nini? Lakini 1826 aliingia Shule Kuu ya Muziki ya Warsaw, akakaa miaka mitatu chini ya mtunzi Józef Elsner. Alisoma nadharia, alisoma hamonia, alisoma kontrapunto, yaani ile kazi ya kupanga sauti mbili tatu ziende pamoja bila kukanyagana. Mwaka wa 1828 aliandika sonata yake ya kwanza na kumtunukia Elsner. Wapiga piano wengi hawaigusi hadi leo, kwa sababu inanuka daftari la mazoezi. Na iwe hivyo. Shule ndiyo mahali pa kuandika vitu ambavyo havitapendwa, mpaka mkono uzoee.

Alipomaliza 1829, Elsner aliandika kwenye ripoti kwamba kijana huyu ana uwezo wa kipekee, ni jiniasi wa muziki. Watu wa muujiza hupenda sana kuitaja hiyo ripoti. Wanasahau kitu kimoja kidogo: ni ripoti ya shule! Iliandikwa na mwalimu baada ya miaka mitatu ya kusahihisha kazi.

Na shule yenyewe haikuota kama uyoga. Poland ilikuwa imegawanywa na Urusi, Prusia na Austria hadi ikafutwa kwenye ramani mwaka 1795. Enzi za Elsner, Warsaw ilikuwa chini ya mfalme ambaye pia alikuwa Tsar wa Urusi. Katika hali hiyo ndipo taasisi ya muziki ilipoanzishwa 1821, na miaka mitano baadaye ikazaa Shule Kuu. Halafu Novemba 1830 watu wa Warsaw wakaasi. Uasi ulipozimwa 1831, chuo kikuu kilifungwa, na shule ya muziki nayo ikafungwa. Chopin alikuwa ameondoka wiki chache kabla ya uasi. Hakurudi tena.

Mlango ulifunguliwa tena 1861, chini ya mpiga fidla Apolinary Kątski. Hesabu mwenyewe: miaka 30. Kizazi kizima. Je, kwa miaka hiyo watoto wa Warsaw walizaliwa bila masikio? Hapana bana. Mwenye uwezo alienda nje: Stanisław Moniuszko, ambaye baadaye angeitwa baba wa opera ya Kipolandi, alisomea Berlin. Asiye na uwezo, jina lake hatulijui, na hatutalijua kamwe.

Shule ilipofunguliwa, baadaye Moniuszko alifundisha hapo. Mwaka 1878 akahitimu kijana aitwaye Ignacy Jan Paderewski. Mwaka 1919 huyo mpiga piano alikuwa waziri mkuu wa Poland huru, akitia saini Mkataba wa Versailles. Mwaka huohuo serikali ikaichukua shule iwe mali ya umma.

Najua utasema nini. Shule huua ubunifu. Sawa, huo ushahidi upo, tena palepale Warsaw. Mwaka 1927 ukurugenzi alipewa Karol Szymanowski, mtunzi mkubwa wa zama zake. Alitaka kufagia mtaala uliozeeka; walimu wa zamani wakampiga vita, na kufikia 1932 alikuwa nje. Lakini tazama alichofanya. Hakusema kila mtu ajifunzie nyumbani. Aliandika insha ndefu akidai elimu ya muziki iwe haki ya jamii nzima. Dawa ya shule mbovu kwake ilikuwa shule nzuri.

Kisha wakaja Wanazi. Mwanzoni walipiga marufuku kumcheza Chopin hadharani, na 1940 wakalipua sanamu yake katika bustani ya Łazienki. Wahitimu wawili wa shule ile, Witold Lutosławski na Andrzej Panufnik, walikaa kwenye piano mbili katika mikahawa ya mji uliotekwa, wakapanga upya nyimbo zaidi ya 200. Karibu zote ziliteketea katika uasi wa 1944, na jengo la shule likaangamia pia. Warsaw ilikuwa vifusi. Watu hawakuwa na paa, lakini 1946 shule ya muziki ilikuwa imesimama tena. Hakuna aliyesema tungoje kwanza uchumi ukae sawa.

Leo inaitwa Chuo Kikuu cha Muziki cha Fryderyk Chopin. Kinafundisha utunzi, ala, uimbaji, hata uhandisi wa sauti, na kina tawi Białystok. Lakini chuo ni kilele tu. Chini yake kuna ngazi: shule ya muziki ya daraja la kwanza, miaka sita kwa wadogo au minne kwa waliochelewa kuanza, kisha daraja la pili, tena sita au minne, ndipo chuo. Shule za umma hazitozi karo.

Sasa unaona kwa nini hadithi ya muujiza ni tamu kwa wenye mamlaka? Kama kipaji kinashuka kutoka mbinguni, hakihitaji bajeti. Mbingu hailipi mishahara ya walimu.

Kwa hivyo mheshimiwa yeyote akipanda jukwaani kukwambia vijana wetu wana vipaji, usimpigie makofi bado. Muulize mwalimu analipwa na nani. Muulize chumba kiko wapi, na piano imo? Muulize mtoto wa miaka saba ambaye mamake hana kitu ataingilia mlango upi.