Kabla ya Tofali la Kwanza

Ndugu zangu wapangaji wa Dar es Salaam, piteni Chanika, Chamazi au Goba mwone mapagale. Kuta zimefika kwenye lenta, nondo zimeshika kutu, majani yameota sebuleni. Wenyewe wengi bado wanalipa kodi Tandika na Manzese, na akiba yao yote imelala kwenye kuta zisizo na bati. Hasara hiyo inaniuma kuliko kodi yenyewe.

Nawaomba, kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji, mkae baba, mama na watoto wakubwa, mshike kalamu. Andikeni kipato kinachoingia kwa uhakika, si kile mnachokitarajia. Toeni chakula, ada, nauli, dawa na kodi. Kinachobaki ndicho cha kujengea. Kisipobaki kitu, endeleeni kupanga bila aibu, wala msikubali shemeji au jirani awatie unyonge kwa kuwauliza kila siku mtajenga lini.

Kikibaki, msipige hesabu ya tofali peke yake. Msingi humeza pesa, kupaua humeza zaidi, halafu zinakuja nyaya za umeme, milango, madirisha, choo na shimo lake. Kiwanja cha mbali bei yake ni nafuu, ila hesabuni nauli ya nyumba nzima kila asubuhi, na maji ya kununua kwa boza mpaka bomba lifike. Mimi ningeanza na vyumba viwili na choo, vikaezekwa, familia ikahamia, kisha ile kodi iliyookolewa ndiyo ijenge chumba cha tatu. Ramani ya sebule mbili ingoje.

Na ardhi yenyewe mwichunguze sana. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwaondoa watu bonde la Msimbazi, wengine wakapelekwa Mabwepande. Mwaka 2017, kuanzia Kimara, nyumba nyingi zilibomolewa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro. Muhuri wa serikali ya mtaa kwenye karatasi ya mauziano hauthibitishi kwamba kiwanja hakimo ndani ya hifadhi ya barabara au njia ya maji. Fikeni idara ya ardhi ya halmashauri, mwulize kama eneo limepimwa, limepangiwa matumizi gani na limeandikwa kwa jina la nani. Mke na mume waandikwe wote wawili, kwa kuwa jasho ni la wote.

Nanyi wenye nyumba, nina ombi kwenu. Pokeeni kodi ya mwezi mmoja mmoja. Familia inayodaiwa miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo mara nyingi hukopa ili ilipe, na deni hilo ndilo linalokula pesa ya kiwanja. Mpangaji wenu mwaminifu mnamjua. Mpeni nafasi hiyo kuanzia mkataba ujao.