Kabla ya mashine, muulizeni mama

Na Zuhura Mbwana

Kila mtaa una wanawake walioacha kucheza kwenye harusi, na uzee haujawafika. Wanakaa karibu na mlango, wamejifunga kanga za rangi iliyokoza, na nyingine ya akiba imo mkobani. Wakipiga chafya, mkojo unawaponyoka. Wakicheka, vilevile. Wapo hata walioacha kwenda msikitini kwa kudhani udhu wao hausihi, ilhali sheria imewapa nafuu: mwenye maradhi hayo hutawadha kwa kila swala, akaswali. Wakimweleza mtu, hujibiwa kwamba ndiyo uzazi huo, mama, vumilia.

Jibu hilo silikubali. Misuli inayobeba kibofu, mfuko wa uzazi na utumbo wa mwisho imetandazwa chini ya nyonga, kuanzia mfupa wa mbele hadi kifandugu. Kichwa cha mtoto kinapopita, misuli hiyo hutanuka mno, wakati mwingine huchanika, na mishipa ya fahamu inayoiamrisha huumia. Haya ni majeraha, na majeraha hutibiwa.

Siku hizi tiba inayotajwa sana ni ya umeme. Vifaa vyake vinauzwa mitandaoni, na ahadi zinazoambatana navyo ni kubwa. Basi tuseme ukweli wake. Kifaa chenyewe ni kijiti kinene kama kidole gumba, chenye vibati vya chuma ubavuni. Huingizwa ukeni, na waya wake huunganishwa na kisanduku cha betri. Mtaalamu hupandisha nguvu taratibu. Mgonjwa kwanza husikia mnyeo, kisha misuli inajikaza na kupanda juu bila yeye kuiamuru. Sekunde chache inakaza, sekunde chache inapumzika, kwa dakika kama 20. Haitakiwi kuuma. Kwa anayevuja akikohoa, mapigo huwekwa kiasi cha 35 hadi 50 kwa sekunde. Kwa yule anayebanwa ghafla asifike chooni, hushushwa hadi kama 10, kwa kuwa hapo kinachotafutwa ni kukituliza kibofu. Ipo na njia ya kupitisha umeme karibu na kifundo cha mguu, kwenye mshipa wa fahamu uliotokana na neva zilezile za chini ya uti wa mgongo zinazohudumia kibofu: dakika 30 kwa wiki, wiki 12.

Lakini umeme haukuja kuchukua nafasi ya mazoezi aliyoyatangaza daktari Arnold Kegel wa Marekani mwaka 1948. Miongozo ya Uingereza ya mwaka 2019 inamtaka mama afanye mazoezi hayo kwanza, akisimamiwa, kwa muda usiopungua miezi 3: kukaza angalau mara 8, mara 3 kwa siku. Umeme unafikiriwa kwa mwanamke ambaye hawezi kabisa kuikaza misuli hiyo.

Na hawa si wachache kama tunavyodhani. Mwaka 1991 Richard Bump na wenzake, huko Marekani, waliwapima wanawake 47 walioelekezwa kwa mdomo tu. Nusu yao hawakukaza ipasavyo, na robo walifanya kwa namna ambayo ingeweza kuzidisha kuvuja. Kwa hiyo kumwambia mama "kaza kama unayezuia mkojo" kisha kumwonesha mlango ni kumtelekeza. Mwanamke wa namna hiyo umeme unaweza kumfaa sana, kwa sababu unamjulisha misuli ilipo. Akishaijua, aikaze mwenyewe.

Bila kupimwa, kifaa hicho kinaweza kudhuru. Mjamzito hakimfai, wala mwenye betri ya moyo, mwenye maambukizi, mwenye saratani ya eneo hilo au anayetoka damu isiyojulikana chanzo. Na kama neva imekatika kabisa, dakika hizo 20 ni bure.

Kinachoniudhi ni kwamba tunajua kuwafikia wanawake tukiamua. Kwa fistula, yaani tundu la uzazi linalovujisha mkojo au choo, hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ilifikia kuwatumia wagonjwa wa mikoani nauli kwa M-Pesa ili waje kufanyiwa upasuaji. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini wapo ambao tundu limezibwa vizuri na bado wanavuja, kwa kuwa misuli iliumia pia. Na wapo wengi mno waliojifungua salama, bila fistula, ambao hakuna anayewatafuta.

Hudhurio la siku ya 42 baada ya kujifungua tunalo tayari. Mtoto anapimwa uzito, mama anaulizwa kuhusu damu na uzazi wa mpango. Muuguzi aongeze swali moja: "Mkojo au choo kinakuponyoka?" Akijibiwa ndiyo, ampeleke kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Hospitali ya KCMC ya Moshi imewafundisha wataalamu hao kwa miongo mingi, ila hospitalini wengi hushughulika zaidi na mifupa na kiharusi. Wizara ya Afya iwaendeleze, wanawake hasa, katika kazi ya nyonga: wajue kupima kwa kidole nyuma ya pazia, kwa ridhaa ya mgonjwa. Fedha ziende huko kabla ya kuagiza mashine hata moja.

Nawe dada uliyekwisha kukinunua kifaa chako, usikitie mwilini kabla hujapimwa. Nenda nacho kliniki, ukitoe mkobani, useme wazi kinachokusumbua.